Sura ya Sita: Tangi Moja, Tungo Nne

Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anaweza kujua mahali pa anwani zote mbili, akaandika KUH: kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake bila kupinda, akamalizia kwa "Wako mwaminifu" na sahihi, na barua yake bado isiwe barua. Fungua madaftari baada ya kipindi cha barua rasmi utayaona. Mtajo unasema ni ombi la kutengenezewa tangi la maji. Aya ya kwanza inampa mwalimu mkuu salamu sufufu kama mchanga wa ufuoni na kumtakia buheri wa afya. Aya ya pili inarauka alfajiri na mapema, kabla jogoo hajawika. Tangi lenyewe linajitokeza katika aya ya tatu, likitiririka kama machozi ya mjane, na mpaka sahihi inatiwa hakuna aliyeombwa kumleta fundi.

Tukikutana na barua kama hiyo tuna mazoea ya kusema mtoto hajaelewa barua rasmi. Lakini hebu tazama alichofanya. Salamu amezitoa kwenye barua ya kirafiki, jogoo kwenye insha ya masimulizi, mjane kwenye orodha ya tashbihi aliyokaririshwa muhula uliopita. Kuvusha amevusha, tena kwa bidii. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha kipi kivuke na kipi kibaki ng'ambo.

Mitihani ina sehemu yake katika lawama hii. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40 na muda wa dakika 40. Dakika hizo si za kufikiri sana. Zilimfaa zaidi aliyeingia chumbani na vifungu vyake kichwani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, swali la kwanza la karatasi ya insha ni la lazima na ni la utungaji wa kiuamilifu, na mtahiniwa anayekosea muundo huondolewa alama nne za sura, ile 4S ambayo kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya anaijua. Mwalimu anayejua kwamba 4S inamvizia mwanafunzi wake atafundisha sura kwanza, na muda ukibaki, mengine. Simlaumu. Nasema tu kwamba sura ndiyo sehemu ya utungo isiyovuka kwenda popote: mahali pa anwani katika barua hapamsaidii mtu kuandika hotuba.

Tanzania ina mfano ninaoupenda zaidi. Simu ya maandishi iliendelea kufundishwa madarasani muda mrefu baada ya watu kuacha kuituma. Wanafunzi walijifunza jinsi ya kuipanga, wakacheka, wakasahau. Na kumbe ndani yake mlikuwa na somo zito. Kila neno lilikuwa linalipiwa, kwa hiyo mwandishi alilazimika kuamua ni lipi likiondoka ujumbe unakufa. Uamuzi huo ndio anaouhitaji anayeandika tangazo, kichwa cha habari, mtajo wa barua, hata ujumbe wa simu ya mkononi kwa mzazi ambaye chaji yake inakaribia kuisha. Somo lilikuwepo, likafundishwa kama umbo la karatasi, likazikwa pamoja na karatasi yake.

Kwamba ujuzi hauvuki wenyewe si jambo la kubahatisha, limepimwa. Huko nyuma mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba watu waliozoezwa kukadiria ukubwa wa maumbo fulani hawakupata faida kubwa walipoletewa maumbo ya namna au ukubwa mwingine. Lakini jaribio linalomgusa zaidi mwalimu wa insha ni la Mary Gick na Keith Holyoak, waliokuwa Chuo Kikuu cha Michigan, lililochapishwa mwaka 1980. Waliwapa watu kisa cha jemadari anayetaka kuiteka ngome iliyo katikati ya nchi. Njia nyingi zinaelekea ngomeni, na zote zimetegwa mabomu yanayolipuka jeshi kubwa likipita. Jemadari analigawa jeshi katika vikosi vidogo, kila kikosi njia yake, wote wakutane ngomeni kwa wakati mmoja. Kisha watu hao wakapewa fumbo la daktari. Mgonjwa ana uvimbe tumboni. Miale mikali itaua uvimbe na nyama nzima inayouzunguka, na miale hafifu haitaua chochote. Afanye nini?

Jibu ni lile lile la jemadari: miale hafifu kutoka pande nyingi, ikutane penye uvimbe. Bila kusimuliwa kisa chochote, mtu mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyelipata. Waliosimuliwa kisa cha jemadari bila kuambiwa kinahusika walikuwa kama watatu kati ya kumi. Walioambiwa tu kwamba kisa walichosoma kinaweza kuwasaidia, karibu robo tatu walilipata. Na hawa walikuwa watu wazima wa chuo kikuu, kisa wamekisoma muda si mrefu. Sasa mfikirie mtoto wa miaka 12 aliyeandika masimulizi mwezi Februari na anaandika barua mwezi Juni, na daftari la Februari limeshafungiwa mandazi.

Jaribio hilo linatupa mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni rahisi hadi linaudhi: mwambie. Sema waziwazi, "Mlichofanya kwenye masimulizi kinahitajika hapa." La pili lilitokana na majaribio yao ya mwaka 1983. Watu waliopewa visa viwili vyenye kiini kimoja, wakatakiwa kuvilinganisha kabla ya kuona fumbo, walikiona kiini hicho wenyewe mara nyingi zaidi. Kwa lugha ya darasani, tungo mbili kando kando zinafundisha kuliko utungo mmoja uliochambuliwa mara mbili. Ratiba zetu hufanya kinyume. Wiki hii shajara, wiki ijayo kumbukumbu, wiki ya tatu hotuba, kila utanzu na mada yake mpya, kiasi kwamba mtoto hapati hata siku moja ya kuziona tanzu mbili zikishika jambo lile lile.

Basi tulishike jambo moja. Tuseme tangi la shule limetoboka.

Tunaanza na masimulizi, kwa kuwa ndipo watoto wengi walipo imara. Mwanafunzi anaweza kuandika hivi: "Tulipokaribia darasa la Gredi ya 4 tulisikia kitu kama mvua, na mbingu zilikuwa kavu. Nyuma ya darasa tulimkuta mtoto mdogo amechuchumaa kwenye tope. Alikuwa amekinga kiganja chini ya tangi. Maji yalijaa, akanywa, akakinga tena." Ni kazi nzuri. Sauti imetangulia, sababu yake imecheleweshwa, na yule mtoto anabaki machoni pa msomaji.

Sasa barua kwa mwalimu mkuu, jambo lile lile, kesho yake. Kabla ya kalamu kushikwa, darasa lijadili mwalimu mkuu ni msomaji wa namna gani. Ana barua nyingine mezani. Hana hamu ya taharuki. Anataka kujua kuna nini, wapi, tangu lini, na wanafunzi wanataka afanye nini. Hapo darasa litagundua kwamba mpangilio lazima upinduliwe: kilichofichwa mpaka mwisho wa masimulizi ndicho kinachotangulia katika barua. "Tangi lililo nyuma ya darasa la Gredi ya 4 limetoboka upande wa chini tangu Jumatatu. Asubuhi huwa limejaa, na kufikia saa nne huwa tupu. Wanafunzi wadogo hunywa kwa kukinga viganja mahali linapovuja, kwenye tope. Tunaomba fundi aitwe aje alizibe wiki hii."

Angalia kilichovuka. Mvua ya kubuni imebaki. Kuchuchumaa kumebaki. Kiganja kimevuka, na kimevuka na tope lake, kwa sababu ndicho kitakachomfanya mwalimu mkuu ainuke kitini. Katika masimulizi kiganja kilikuwa picha. Katika barua kimekuwa ushahidi. Mtoto aliyejifunza kutazama kwa makini ili asimulie ndiye huyo huyo aliye na cha kusema anapoomba. Ukimfundisha kwamba barua rasmi ni "lugha rasmi" na basi, atatupa kiganja pamoja na mvua, atuletee "hali ya maji shuleni ni ya kusikitisha mno na inahitaji kushughulikiwa kwa haraka iwezekanavyo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Ingeweza pia kuandikwa kuhusu shule yoyote, na mtu ambaye hajawahi kufika hapo.

Utanzu wa tatu nitakaoupendekeza utawashangaza baadhi ya wasomaji: utenzi. Ushairi huwekwa pembeni kama jambo la wenye kipaji, ilhali ubeti wa utenzi, wenye vipande vinne vya mizani nane nane, ni chombo kikali cha kufundishia uteuzi. Mizani nane hazina nafasi ya "alfajiri na mapema". Darasa likihangaika kwa pamoja ubaoni linaweza kufika hapa:

Tangi letu lavujia
maji chini yaingia
na sisi twaangalia
mtoni kuna safari

Si ubeti wa kushindania tuzo. Lakini soma kipande cha tatu. Si masimulizi wala barua iliyokuwa na neno hilo, kwamba watu wanaona na hawafanyi kitu. Limekuja kwa sababu kina kiliitaka -ia na mizani ikakataa maneno marefu. Sasa mwalimu aulize: je, jambo hili linaweza kurudi kwenye barua? Linaweza, kwa adabu: "Wengi wetu tumeliona na hatukutoa taarifa mapema." Barua imepata uungwana ambao haikuwa nao, na umetoka kwenye ushairi. Kipande cha nne nacho kinadai maelezo. Mto uko umbali gani, na nani huenda? Barua haikusema, sasa itasema.

Wanaodhani kurukaruka hivi kati ya tanzu kunamchanganya mtoto wamkumbuke Shaaban Robert. Aliandika tenzi, riwaya, insha, tawasifu, na wasifu wa Siti binti Saad. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge nazo zilikuja kuchapishwa kitabu. Katika Maisha Yangu, tawasifu ya nathari, anafika mahali pa kuwausia wanawe na nathari inampisha mshairi: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana. Usia ule ungeweza kuwa aya. Ulikuwa na sababu ya kuwa beti, kwa kuwa ubeti hukaririka na mtoto huenda nao. Swali la kumuuliza mwanafunzi wa sekondari anayesoma kitabu hicho ni kwa nini mwandishi alibadilisha chombo katikati ya safari, na hilo ni swali zuri kuliko kumtaka ataje vina na mizani.

Utungo wa nne ndio mgumu, na hapa sitaki kuharakisha. Ni hoja: "Shule inafaa kununua tangi jipya badala ya kuziba la zamani. Jadili." Watoto waliotamba kwenye masimulizi hukwama hapa, na kukwama kwao kuna sababu inayoweza kuelezwa. Masimulizi yana wakati wa kuyaongoza. Ukikosa la kusema, unasema kilichofuata: kisha, halafu, baadaye, ghafla bin vuu. Hoja haina "kisha". Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu saikolojia ya utungaji, walieleza namna waandishi wachanga wanavyomwaga wanachokijua kwa mpangilio wanavyokikumbuka, mpaka kimalizike. Katika masimulizi mwago huo hausumbui sana, kwa sababu kumbukumbu ya tukio tayari ina mpangilio wa tukio. Katika hoja unaleta ile insha ya "Kwanza... Pia... Vilevile... Aidha... Isitoshe", ambamo unaweza kuhamisha aya ya tano iwe ya kwanza na kisiharibike kitu. Hilo lenyewe ni kipimo kizuri. Aya zikibadilishana nafasi bila madhara, hakuna hoja, kuna orodha.

Daraja la kuvukia lipo kwenye viunganishi, ila si kwa kuvikariri. Chukua masimulizi yale ya tangi na uwaambie wanafunzi wafute kila "kisha" na "halafu", na mahali pake waandike "kwa sababu", "kwa hiyo" au "ilhali". Sentensi nyingi zitakataa. "Tulisikia maji kwa hiyo tukamkuta mtoto" haisimami. Lakini "Tangi lilizibwa mwaka jana, ilhali limetoboka pale pale" inasimama, na mara tu inaposimama mtoto ana hoja ya kununua jipya. Ameitoa kwenye kisa chake mwenyewe, kwa kuuliza jambo lipi lilisababisha lipi badala ya lipi lilitangulia lipi. Nimeona njia hii ikifaa hata kwa watoto wa Gredi ya 5, mradi ifanywe kwa mdomo kwanza.

Kwa mdomo, kwa sababu hoja si ngeni kwao. Msikilize mtoto anayemwomba nyanyake ruhusa ya kwenda kutazama mechi. Anachagua saa, baada ya chai. Anataja kazi alizomaliza kabla ya kutaja mechi. Anajua pingamizi litakalokuja, giza, na analijibu kabla halijatolewa: "Nyanya, tutarudi na kaka yake Otieno, naye ana tochi." Huyo ana msomaji, ana lengo, ana mpangilio na ana majibu ya upinzani. Mpe karatasi, mwambie "jadili", vyote vinayeyuka, anaanza na maana ya mpira. Mwalimu angeanza kwa kumwuliza alivyomshawishi nyanyake na kuandika hatua zake ubaoni, angekuwa amepata muundo wa hoja bila kufungua kitabu cha kiada.

Kuna utafiti mmoja zaidi ninaotaka kuutaja kwa sababu unapingana na desturi yetu ya kuwasifu wanaojiamini. Mary Jo Reiff na Anis Bawarshi waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu viwili vya Marekani, na wakachapisha matokeo mwaka 2011. Baadhi ya wanafunzi walipopewa kazi ya utanzu mgeni walishikilia umbo walilolizoea, wakiwa na hakika nalo. Wengine walisitasita, wakisema kazi hii si insha kamili, si ripoti, ina kitu cha hii na kitu cha ile. Wale wenye "si" nyingi ndio waliofaulu zaidi kuvunja walichojua, kuchukua vipande vilivyofaa na kuvipanga upya. Wenye hakika walibaki na umbo lao zima. Hao walikuwa watu wazima, na mtoto wa shule ya msingi si mwanafunzi wa chuo. Hata hivyo mbinu inashuka vizuri. Kabla ya kuandika hotuba ya kumkaribisha mgeni, darasa limalizie sentensi hizi: "Hii si barua kwa sababu..." na "Hii si masimulizi kwa sababu..." Majibu huanza ya juu juu, haina anwani, haina wahusika, kisha mmoja anasema, "Kwa sababu mgeni yuko hapa anatusikia, hawezi kurudi nyuma asome tena." Hapo pameguswa kwa nini hotuba hurudia neno na kwa nini sentensi zake ni fupi, na hakuna aliyeambiwa "takriri".

Baada ya kuandika, mwanafunzi aongeze mistari miwili chini ya kazi yake: nimechukua nini kutoka utungo uliopita, na nimeacha nini, kwa nini. Wadogo waseme tu. Mistari hiyo isitolewe alama. Ikitolewa alama itakaririwa, na mwezi haujaisha kila daftari litakuwa na "Nimechukua tamathali za usemi ili kupamba kazi yangu."

Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani atakuwa ameshauliza nani atasahihisha tungo nne za kila mtoto. Hakuna. Tungo hizi ziwe fupi: aya moja ya masimulizi, mwili wa barua pasipo anwani, ubeti mmoja wa kikundi, hoja ya sentensi tano. Nyingi zisomwe na jirani wa dawati, kwa swali moja tu, kwa mfano, "Ungekuwa mwalimu mkuu ungejua ufanye nini?" Mwalimu achukue madaftari machache kila safari. Insha ndefu ya kurasa mbili ina mahali pake, mtihani unakuja na stamina yake lazima ijengwe, lakini si mahali pa kujifunzia kuvuka.

Na mpaka mpana kuliko yote si kati ya barua na hotuba. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anatakiwa ajieleze kwa Kiingereza, na ghafla anaonekana hajui kupanga hoja. Nchini Kenya anaandika barua rasmi saa mbili kwa Kiswahili na saa nne kwa Kiingereza, kwa walimu wawili ambao hawajawahi kukaa meza moja, na wiki ile ile mwalimu wa Sayansi anaomba ripoti ya jaribio na kulalamika kwamba watoto hawajui kueleza hatua kwa mpangilio. Wanajua. Wameeleza namna walivyolikuta tangi likivuja, hatua kwa hatua. Walimu hao watatu wakikubaliana jambo moja dogo, kwamba daftari la tungo liwe moja na mtoto alibebe kwenye vipindi vyote vitatu, mwalimu wa Sayansi ataweza kusema, "Fungua ukurasa wa tangi. Andika jaribio letu la mvuke namna ile ile, ila toa 'mimi', na mahali pa kiganja weka kipimo cha maji kwa mililita."

Jaribuni kwanza na darasa moja, mwanzoni mwa muhula wa pili, kabla joto la mitihani halijapanda.